Njaa katika mji wa unga: kadi ya chakula inapokatwa Minneapolis

Juzi binti wa ndugu yangu alinipigia simu kutoka Maskati. Salamu zilipokwisha akasema, "Ami, nikuulize kitu na usinifiche. Jamaa zetu wa Minneapolis wanaomba tuwasaidie pesa ya chakula. Si karo, si nauli. Chakula! Kweli Marekani kuna mtu anakosa kula?"

Nilimwambia anipe siku mbili tatu nimjibu vizuri. Mimi nakaa Saint Paul kwa mwanangu, na kila Jumamosi nasaidia kwenye stoo moja ya chakula cha bure, kupanga mchele na dengu na kuwaonyesha watu foleni inaanzia wapi. Najua wengi wenu mlioko Maskati, Dubai, Doha na Kuwait mmepigiwa simu kama hiyo mwezi huu. Basi jibu nimeliandika kwa wote.

Jibu fupi ni hili: ndiyo, wapo wanaokosa, na Novemba hii ya 2025 imewabana zaidi. Jibu refu linataka kwanza tuielewe kadi ya chakula ya serikali, kisha tuone ni nani ameiharibu na kwa njia gani, ndipo tujue pesa zetu za Ghuba zinaweza kufanya nini na haziwezi kufanya nini.

Chakula kipo, pesa haipo

Minneapolis na Saint Paul ni miji miwili iliyoshikana, na mto Mississippi unapita humo. Kuanzia 1880 mpaka 1930 Minneapolis ilisaga unga wa ngano kuliko mji wowote duniani. Maporomoko ya Saint Anthony ndiyo yaliyozungusha vinu vyake. Pillsbury ilianzia hapa, General Mills ilianzia hapa, na bango kubwa la unga wa Gold Medal lingali limesimama ukingoni mwa mto hadi leo. Cargill, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa nafaka duniani, makao yake yako pembeni tu, Minnetonka.

Kwa hiyo ukisikia watu wanapanga foleni ya chakula katika mji kama huu, usifikirie ukame. Maduka yamejaa. Kinachokosekana ni pesa ya kununulia, kwa sababu kodi ya nyumba, gari na bima vimekula mshahara kabla mtu hajafika sokoni. Mshahara wa chini Minneapolis mwaka 2025 ulikuwa karibu dola 16 kwa saa. Ukiusikia ukiwa Mombasa au Salala utaona ni utajiri. Ukiwa hapa na watoto watatu, utauona unavyoyeyuka.

Pengo hilo ndilo lililozaa kadi ya chakula. Majaribio yalianza 1961, wakati wa Rais Kennedy, katika maeneo manane ya nchi. Moja lilikuwa hapa hapa Minnesota, kaskazini, kwenye miji ya machimbo ya chuma ya Virginia na Hibbing. Waziri wa Kilimo aliyesimamia jambo hilo, Orville Freeman, alikuwa amemaliza kuwa gavana wa Minnesota. Mwaka 1964 ikawa sheria. Mpango ukawekwa chini ya Wizara ya Kilimo, na uko huko mpaka leo, kwa sababu ulikusudiwa kumsaidia mwenye njaa na mkulima aliyebaki na mazao, wote wawili kwa pigo moja. Zamani watu walipewa vitabu vya kuponi, ndiyo maana wengi wangali wanaita "stempu". Siku hizi ni kadi ya plastiki kama ya benki, inaitwa EBT, na mpango wenyewe tangu 2008 unaitwa SNAP.

Kwa nchi nzima mwaka 2025 walioitegemea walikuwa watu takriban milioni 42, yaani mtu mmoja katika kila wanane. Minnesota peke yake ni watu kama 440,000. Ni watoto, wazee, wagonjwa, na watu wanaofanya kazi lakini mshahara hauwafikishi mwisho wa mwezi. Akina mama wengi wa Kiafrika Mashariki hapa wanafanya kazi ya kutunza wazee majumbani na kwenye nyumba za wazee. Ni kazi ya halali na ya kuchosha, na haijazi friji.

Hesabu ya kadi

Nilikuwa mwalimu, nivumilieni nifanye hesabu.

Tangu Oktoba 2025, familia ya watu wanne isiyo na kipato chochote hupata dola 994 kwa mwezi, na hicho ndicho kiwango cha juu. Mwenye kipato hupunguziwa. Serikali inachukulia kwamba asilimia 30 ya pesa inayobaki mkononi, baada ya makato wanayoruhusu, utaitumia kwa chakula. Tuseme mama mwenye watoto watatu amebakiwa na dola 1,500. Asilimia 30 ni dola 450. Toa 450 kwenye 994, kadi yake itaingia dola 544.

Mtu atasema, mbona nyingi! Ni kama riali 209 za Omani. Haya, gawanya kwa watu wanne, kisha kwa siku 30. Unapata dola nne na nusu kwa mtu kwa siku, kwa milo yote mitatu. Na kadi hainunui kila kitu. Sabuni hainunui. Nepi hainunui. Dawa hainunui. Hata kuku wa kuchoma dukani, akiwa angali moto, hauzwi kwa kadi hiyo.

Na hao wa dola nne na nusu ndio walioambiwa Novemba wangoje.

Novemba ilivyokuwa

Tarehe 1 Oktoba serikali kuu ya Marekani ilifungwa kwa sababu wabunge hawakukubaliana kuhusu bajeti. Ilikaa hivyo siku 43, hadi tarehe 12 Novemba, na ilikuwa haijapata kufungwa muda mrefu kama huo. Oktoba kadi ziliingia pesa kama kawaida. Ya Novemba, Wizara ya Kilimo ikasema haitatoa.

Ukafuata mwezi wa mahakama. Tarehe 31 Oktoba majaji wawili, mmoja Rhode Island na mmoja Massachusetts, walisema mfuko wa dharura upo na utumike. Serikali ikasema mfuko hautoshi mwezi mzima. Tarehe 6 Novemba Jaji John McConnell wa Rhode Island akaamuru watu walipwe kamili. Majimbo mengine yakaanza kulipa. Usiku wa tarehe 7, Jaji Ketanji Brown Jackson wa Mahakama ya Juu akaisimamisha amri hiyo kwa muda. Siku ya pili wizara ikayaambia majimbo yaliyokwisha kulipa kamili yarudishe hali ilivyokuwa. Kwa hiyo wiki moja ile ile, jimbo hili watu wamelipwa, jimbo la pili wamelipwa sehemu, jimbo la tatu bado wanangoja.

Hapa Minnesota kadi huingizwa pesa kati ya tarehe 4 na 13 ya kila mwezi, kila mtu na siku yake kufuatana na namba ya faili lake. Watu hupanga maisha kwa siku hiyo, kama mfanyakazi anavyopanga kwa siku ya mshahara. Mwezi huu mtu hakujua apange vipi. Jumamosi ya kwanza ya Novemba niliwaona kwenye foleni yetu watu ambao sijapata kuwaona hapo kabla, wengine wangali wamevaa sare za kazi. Mama mmoja aliniuliza kwa Kiswahili cha Eastleigh kama kuna fomu ya kujaza. Nilipomwambia hakuna fomu, achukue tu, alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mwalimu, nitachukua ya watoto." Yake mwenyewe hakuchukua.

Gavana Tim Walz alitoa dola milioni 4 za jimbo ziende kwa stoo za chakula. Ni jambo jema, wala simlaumu. Lakini ziweke kwenye mizani: kadi za Minnesota zinaingiza zaidi ya dola milioni 70 kila mwezi. Milioni nne kwa pengo la sabini.

Serikali ilipofunguliwa tarehe 12, bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipitishwa mpaka mwisho wa Septemba 2026. Kwa hiyo kufungwa kwingine kukitokea kabla ya hapo, kadi hazitaguswa. Watu wengi wakasema alhamdulillahi, yamekwisha. Hapana. Lile lililopita lilikuwa la wiki chache. Lililo kubwa zaidi lilitiwa saini Julai.

Sheria ya Julai

Tarehe 4 Julai 2025 Rais Trump alitia saini sheria kubwa ya kodi na matumizi. Ndani yake kadi ya chakula imekatwa takriban dola bilioni 187 kwa miaka kumi, kwa makisio ya ofisi ya bajeti ya Bunge lao. Makato hayo yamepita milango mitatu, na kila mmoja unaweza kuwa ndio uliomfungia jamaa yako.

Mlango wa kwanza ni wa wakimbizi. Zamani mtu aliyeingizwa nchini kama mkimbizi, au aliyekubaliwa ombi lake la hifadhi, alistahili kadi mara moja. Sheria mpya imewaondoa, mpaka wapate makazi ya kudumu, yaani kadi ya kijani. Sasa fikiria. Mkimbizi haruhusiwi hata kuomba kadi ya kijani mpaka akae mwaka mmoja, kisha aingoje. Mwaka ule wa kwanza, hana lugha, hana gari, hana kazi ya maana, ndio mwaka aliohitaji chakula zaidi. Mwaka huo ndio alionyimwa. Wasomali wengi wa Cedar-Riverside walipita Dadaab na Kakuma, na wako Wakongo waliopita Nyarugusu. Wale waliokuja zamani ni raia sasa, hawaguswi. Wanaoguswa ni waliofika mwisho.

Mlango wa pili ni sharti la kazi. Mtu mzima asiye na mtoto wa kumlea anatakiwa aonyeshe saa 80 za kazi, mafunzo au kujitolea kila mwezi. Asipoonyesha, anapata kadi miezi mitatu tu katika miaka mitatu. Sharti hilo lilikuwa likiishia miaka 54. Sasa limefika 64, na limewachukua pia wazazi ambao mtoto wao mdogo amefika miaka 14. Mwenye kusikia haraka atasema, sawa, watu wafanye kazi. Nami nakubali kazi ni heshima. Lakini nimewaona watu wa miaka 60 waliofagia maofisi usiku miaka ishirini mpaka magoti yakakataa. Si wavivu hao. Wengine wana kazi, ila bosi huwapa saa 20 wiki hii na saa 9 wiki ijayo, na karatasi ya kuthibitisha haiji kwa wakati. Mara nyingi anayeanguka hapo ameshindwa na karatasi tu.

Mlango wa tatu hauonekani bado. Kuanzia Oktoba 2026 majimbo yatabeba robo tatu ya gharama za kuendesha ofisi za mpango, badala ya nusu. Hapa Minnesota kazi hiyo inafanywa na kaunti, kwa hiyo mzigo utazifikia Hennepin na Ramsey. Kisha kuanzia Oktoba 2027, kwa mara ya kwanza, jimbo litalipia chakula chenyewe kulingana na makosa yake ya hesabu. Makosa yakiwa chini ya asilimia 6, halilipi kitu. Yakizidi hapo hulipa asilimia 5, kisha 10, na yakifika asilimia 10 na zaidi hulipa 15. Na makosa hayo si wizi. Ni mtu kulipwa zaidi au pungufu, pengine kwa sababu saa zake za kazi zilibadilika na karatasi ikachelewa. Jimbo linaloogopa faini litafanya nini? Litaongeza maswali, litaongeza vyeti. Tumerudi pale pale kwenye karatasi.

Stoo za chakula zimefika shingoni

Mtu ataniambia, si kuna stoo za bure? Wenyeji wa Minnesota huziita rafu za chakula, na ziko karibu kila mtaa. Iko moja ndani ya Brian Coyle Center pale Cedar-Riverside, chini ya majumba marefu yanayokaliwa na Wasomali. Shirika la Isuroon, lililoanzishwa na wanawake wa Kisomali, lina yake yenye vyakula vya halali, kwa sababu mkopo wa maharage yenye mafuta ya nguruwe haumsaidii Muislamu mwenye njaa. Benki ya chakula ya Second Harvest Heartland, iliyoko Brooklyn Park, huzigawia stoo hizi mizigo kwa malori.

Lakini tazama hesabu. Mwaka 2022 watu walikwenda kwenye stoo za Minnesota mara milioni 5.5. Mwaka 2023 zikawa zaidi ya milioni 7.5. Mwaka jana, 2024, zilikaribia milioni 9. Mruko ule wa 2023 una sababu inayojulikana: nyongeza ya kadi iliyotolewa wakati wa korona ilikatwa baada ya Februari mwaka huo, huku bei za mayai na nyama zimepanda. Kadi ilipopungua, foleni ilirefuka. Halafu Machi mwaka huu Wizara ya Kilimo ikafuta mpango uliokuwa ukizinunulia benki za chakula mazao ya wakulima wa karibu. Foleni imerefuka na lori limepungua.

Wenyewe wenye benki za chakula Marekani wana msemo wa hesabu: kwa kila mlo mmoja wanaoutoa wao, kadi ya serikali inatoa tisa. Tisa kwa moja! Maana yake, ukikata kadi kwa sehemu moja ya tisa tu, stoo zote zinatakiwa zijizidishe mara mbili ili kuziba. Hakuna msikiti, kanisa wala tajiri anayeweza hivyo mwezi hadi mwezi.

Na wale walioiba?

Najua kuna swali mnalo mdomoni, kwa sababu habari hizo zimefika mpaka kwenye mabaraza ya Ruwi. Nalo ni kesi ya Feeding Our Future.

Hili tusilifiche. Wakati wa korona shirika hilo la Minnesota na washirika wake walidai wanalisha maelfu ya watoto kila siku, wakalipwa na serikali kuu, na watoto wengi hao hawakuwapo. Mashitaka ya kwanza yalitoka Septemba 2022, watu 47, kiasi cha dola milioni 250. Sasa walioshitakiwa wamepita 70. Wengi wao ni wenye asili ya Kisomali. Mwanzilishi wa shirika, Aimee Bock, ni Mmarekani mzungu, na alitiwa hatiani Machi mwaka huu. Pesa zilinunua magari, majumba, na mali mpaka Kenya na Uturuki. Katika kesi ya mwaka jana mjumbe mmoja wa baraza la mahakama alipelekewa nyumbani mfuko wa dola 120,000 kama hongo, naye akapiga simu polisi.

Walioiba wameiba chakula cha watoto, na adhabu ni haki yao. Ila kuna mambo mawili yanachanganywa makusudi. La kwanza, pesa ile haikuwa ya kadi. Ilikuwa ya mpango mwingine, wa milo ya watoto, ambao hulipa mashirika. Kwenye kadi, pesa haipiti kwa mwenye shirika. Inaingia kwa mama mwenyewe, dola 544, naye huzitumia kaunta ya duka. La pili, aliyejenga ghorofa kwa pesa ya wizi hana shida na stoo yetu. Anayeadhibiwa kwa jina lake ni yule wa sare ya kazi aliyekuja Jumamosi akiinamisha uso. Nilisema hivyo msikitini, na baadhi ya wazee hawakupenda nilivyoanza kwa kuwalaumu wezi wetu. Lakini huwezi kumtetea masikini kwa kumficha mwizi.

Kuna jambo jingine dogo lililopita kimya. Tangu miaka ya tisini serikali ya Marekani ilikuwa ikiwauliza watu kila mwaka kama wamepungukiwa na chakula. Ripoti ya mwaka 2023 ilisema nyumba 13.5 katika kila mia zilipungukiwa, watu zaidi ya milioni 47. Septemba mwaka huu wizara ilitangaza kwamba itaacha kupima. Nimesahihisha mitihani miaka zaidi ya thelathini. Sijaona darasa lililofaulu kwa kufutiwa mtihani.

Haki na hisani

Nilisoma sekondari ya wamishonari, sisi watoto wa Kiislamu tukiwa wachache. Asubuhi saa nne kulikuwa na uji. Baadhi yetu tulitoka nyumbani tumekula, wengine walitoka na maji ya kunywa tu. Padri aliyekuwa mkuu wa shule hakukubali kabisa tutenganishwe. Akisema uji ni wa shule, na kila kijana ashike kikombe. Ilinichukua miaka kuelewa alichokuwa akifanya. Mwenye njaa alikula bila kujulikana kuwa ana njaa. Na sisi wenye nafasi, uji ukiwa mbovu, tulilalamika, wazazi wetu wakasikia, uji ukatengenezwa.

Nilipoanza kufundisha nikayakuta maziwa ya Nyayo, yaliyoanza 1979, bure kwa watoto wote wa shule za msingi Kenya. Siku za maziwa, daftari la mahudhurio lilijaa.

Minnesota nayo ina kitu cha namna hiyo. Machi 2023 Gavana Walz alitia saini sheria kwamba mtoto yeyote, wa tajiri au wa masikini, apate shuleni kifungua kinywa na chakula cha mchana bure. Wapo wanaoipinga, na hoja yao si ya kipuuzi: gharama imezidi makisio, na kwa nini kodi imlishe mtoto wa daktari? Lakini angalia Novemba. Kadi ziliposimama, sahani ya shuleni haikusimama. Na mtoto hakuulizwa baba yako ana karatasi gani.

Nyinyi wa Omani mnalijua hili kuliko Wamarekani. Sheria ya hifadhi ya jamii ya 2023 imempa kila mtoto Muomani riali 10 kwa mwezi, na kila mzee aliyefika miaka 60 riali 115, bila kuuliza nani fukara. Hakuna mzee anayeona haya kuzipokea, na hakuna anayeweza kumwambia jirani yake mvivu, maana na yeye anapokea.

Ndipo ninapofikia. Katika dini yetu zaka haiitwi hisani ya tajiri. Inaitwa haki ya masikini iliyomo ndani ya mali ya tajiri. Kadi ya chakula, kwa miaka sitini, ilikuwa inasogea upande huo wa haki: ukitimiza masharti unapata, huombi, hupigi magoti. Sheria ya Julai inairudisha upande wa hisani. Na stoo yetu ya Jumamosi, naipenda, lakini ni hisani. Inategemea nani amejisikia kutoa wiki hii.

Sisi tufanye nini

Binti wa ndugu yangu hana kura Minnesota, nami nikiwa mgeni sina. Lakini yako tunayoyaweza.

Kabla ya kutuma pesa, muulize jamaa yako barua ya kaunti inasema nini. Asome sababu. Ikiwa ni karatasi ya kuhuisha haikufika, hilo linatengenezeka. Akiona ameonewa, ana siku 90 za kukata rufaa, na rufaa ni bure.

Watoto waliozaliwa Marekani ni raia. Mama akiondolewa kwa sababu ya hadhi yake ya uhamiaji, fungu la watoto halifutwi. Wako wanaoacha kuomba kabisa kwa woga, na watoto wanakosa kilicho chao.

Shangazi wa miaka 61 anayelea wajukuu nyumbani asikimbilie kukata tamaa na saa 80. Mwenye jukumu la kumlea mtoto aliye chini ya miaka 14 katika nyumba hiyo husamehewa sharti, na vilevile mgonjwa. Lakini lazima aseme ofisini. Hawatamwuliza.

Pesa mnayotuma kila mwezi kwa kawaida huhesabiwa ni kipato, na inatakiwa itajwe. Msimwambie mtu aifiche. Baada ya kesi ile, macho yote yako kwetu. Mara nyingi itapunguza kadi kidogo tu, haitaifuta. Aulize kwanza.

Na Ramadhani ikikaribia, kuna la kuzingatia. Mkitaka kuchangia stoo, tumeni pesa, si makatoni ya tende na mafuta kwa meli. Benki ya chakula hununua kwa jumla, dola yenu hupata zaidi ya mnavyoweza kupata wenyewe dukani.

Hilo ndilo jibu langu, mwanangu. Ndiyo, watumie. Wanahitaji, hawakudanganyi. Lakini usidhani riali zako zitashika mahali pa kadi. Zitawavusha mwezi mmoja, miwili. Baada ya hapo watahitaji kile kilichokatwa, na hicho hakirudishwi na jamaa aliyeko Maskati. Kitarudishwa na raia wa hapa wenye kura, wakiwamo wale wa kwetu waliokwisha kula kiapo na ambao siku ya uchaguzi hubaki nyumbani. Nao, Jumamosi hii nikiwaona stoo, nitawaambia.